Nemu ya Kuliwa Mbichi

Wifi yangu Buatip hana saa, na kalenda iliyo ukutani kwake ni ya mwaka juzi. Ukimwuliza nemu yake, ile soseji ya nguruwe ya kuchachushwa, italiwa lini, anaishika mkononi, anaibonyeza kwa kidole gumba juu ya jani la mgomba, halafu anakwambia, "Ijumaa, baada ya chakula cha mchana." Ijumaa baada ya chakula cha mchana ukiifungua utaikuta imeiva, ina rangi ya waridi, imeshikana, na ukali wake unakufumba jicho moja. Asubuhi ilikuwa bado, na jioni itakuwa imepitiliza. Nimeuza wali wa kunata meza ya pili kutoka kwake katika soko letu la Lampang, kaskazini mwa Thailand, kwa miaka zaidi ya ishirini, na sijamwona akikosea siku.

Nasema haya mapema kwa sababu nina mengine ya kumsema, na sitaki mtu adai kwamba mimi Jansom nina wivu.

Kutengeneza nemu hakuna siri. Unasaga nyama ya nguruwe isiyo na mafuta, unatia ngozi iliyochemshwa na kukatwa nyembamba, vitunguu saumu, chumvi na wali wa kunata uliopikwa. Unakanda mpaka mikono iishe nguvu, unachomeka pilipili nzima, unafunga kwa majani na kukaza kwa mpira. Moto hauigusi. Inakaa na kuchacha yenyewe siku tatu wakati wa joto, nne au tano wakati wa baridi, kisha inaliwa hivyohivyo mbichi kwa tangawizi na karanga. Desturi yetu ni kuiuza siku ileile ya kufungwa, mnunuzi akaingojee kwake. Buatip huchomeka kikaratasi chini ya mpira, siku ya kula imeandikwa kwa penseli, na watu wa mji huu walikiamini kikaratasi kile kuliko utabiri wa mvua.

Waliacha kukiamini kwa sababu ya sherehe ya nyumba yangu.

Mimi na mume wangu Inson tulikuwa tumemaliza kujenga, tukawaita watawa waje kuibariki nyumba. Inson ni kitindamimba wa kwao. Buatip ndiye aliyembeba mgongoni mama yao akiwa shambani, na mpaka leo humwita "mtoto" mbele za watu, mwanamume wa miaka arobaini na minane. Siku nne kabla ya sherehe tukagundua kwamba wageni wamekuwa mara mbili ya tuliowaalika. Nemu aliyotufungia Buatip haingetosha, na nemu haingoji. Ilikuwa ifungwe siku hiyohiyo au iachwe. Machinjioni nyama ilikuwa imekwisha. Nyuma ya tanuri za matofali kulikuwa na mtu aliyechinja nguruwe nyumbani kwake. Nyama ilikuwa nzuri kwa macho, lakini haikuwa na ule muhuri wa buluu wa mkaguzi. Buatip akainunua.

Haraka haraka haina baraka. Wiki mbili baadaye watu kumi na mmoja walikuwa hospitali, macho yamevimba, misuli inawauma mpaka kugeuka kitandani ni kilio. Ilikuwa minyoo, ile midogo isiyoonekana ambayo hujificha ndani ya nyama ya nguruwe na kuhamia katika nyama ya mtu. Inson alilazwa wiki tano. Alipona, lakini miguu yake haikurudi kama zamani. Ngazi tano za nyumba yetu mpya anazipanda kwa fimbo, anapumzika katikati.

Hakuna aliyekufa, na nashukuru. Ila sikumsemesha wifi yangu kwa miezi kumi na minne.

Kununiana na mtu mliyetengana naye kwa meza moja ni kazi ngumu kuliko kuuza wali. Katikati yetu alikaa mwuza mboga, mama wa watu mpole, tukamgeuza kuwa posta.

"Mwambie jirani yako ndoo yake inavuja kwangu," nasema mimi.

"Mwambie wifi yangu ainue miguu," anajibu Buatip.

"Jamani, si mnasikiana?" analia yule mama.

"Mwambie simsikii."

Idara ya afya ikatoa amri kwamba nemu yoyote sokoni iwe na kibao: PIKA KWANZA. Afisa mwenyewe alikuwa Nongyao, mwanamke mfupi, mkali, aliyetembea na kalamu sikioni. Sokoni tulimwita Bibi Afya, na alijua. Wauzaji wengine wa nemu walitundika kibao, kisha wakawakonyeza wateja. Buatip hakukonyeza. Alitundika kibao chake, na mteja akinong'ona, "Lakini hii yako naweza kula mbichi, sivyo?", alijibu kwa sauti ya soko zima, "Huoni kibao? Kapike!" Ukiikaanga nemu unapata kitoweo kizuri tu, lakini hakuna mtu aliyekuwa akivuka mto Wang kuja kununua kitoweo. Meza yake ikapwaya. Mwanamke aliyekuwa akimaliza vifurushi vyote kabla ya saa nne akawa anafukuza nzi mpaka adhuhuri. Niliona, na nitasema kweli: mwanzoni nilifurahi. Baadaye sikufurahi tena, ila sikujua njia ya kurudi.

Ndipo Bibi Afya alipokuja na habari ya mionzi. Aliwakusanya watengenezaji wote akawaambia kwamba karibu na Bangkok kuna kituo ambako chakula kinapitishwa mbele ya mionzi ya kobalti, minyoo na vidudu vya ugonjwa vinakufa, na chakula chenyewe hakipati hata joto. Atakayepeleka nemu yake huko, na maabara ya mkoa ikaithibitisha, ataondolewa kibao na kupewa kingine: YALIWA MBICHI. Wengine walicheka wakaenda zao. Buatip alibaki na maswali mpaka Bibi Afya akachelewa basi.

Habari ilifika mezani kwangu kabla yake, nikaituma posta.

"Mwambie jirani yako alitulisha minyoo tukanyamaza. Sasa anataka kutulisha bomu?"

Buatip alifunga kifurushi chake, akakaza mpira. "Mwambie wifi yangu nitaiuza nemu mbichi katika soko hili, na mtu ataila akiwa amekaa kitako, hana wasiwasi. Asipokula yeye watakula wanawe."

Hicho ndicho alichokitaka, na hakutaka kingine. Angeweza kuuza soseji za kuchoma kama wengine. Alitaka watu wa mji wake wale tena kutoka mkononi mwake bila kusita.

Masanduku ya kwanza aliyafunga Jumatatu na kuyapeleka Jumatatu hiyohiyo kwa basi. Kituo kilikuwa kimempa karatasi ya maelekezo, lakini Buatip hakuisoma. Ilikuwa imeandikwa, alisema, na watu ambao hawajawahi kufunga hata kifurushi kimoja. Yeye aliwaza kama mpishi: nyama husafishwa ingali mbichi kabisa, ndipo mengine yafuate. Masanduku yakarudi Jumatano. Juu ya kila moja kulikuwa na alama ndogo ya duara iliyokwenda ikiwa ya manjano na kurudi nyekundu, dalili kwamba limepitishwa. Maabara ikachukua yake ikasema safi. Bibi Afya akaja sokoni siku iliyoandikwa kwenye vikaratasi, Jumamosi, kibao kipya kikiwa kwapani.

Buatip akafungua kifurushi cha kwanza mbele yetu. Akanusa. Akafungua cha pili. Nyama ilikuwa imelala pale, rangi imefifia, haina harufu yoyote ya ukali. Akaimega, akaiweka ulimini, akaitema kwenye jani.

Hapo mdomo wangu, ambao haujawahi kuwa na breki, ukafunguka wenyewe, bila posta.

"Wifi, umetuletea nyama iliyokoga kwa sabuni!"

Watu walicheka mpaka mwuza mboga akashika meza. Buatip aligeuka akanitazama, mara ya kwanza kwa miezi kumi na minne. Nikadhani atanirushia kile kifurushi.

"Imekoga," alisema polepole. "Imekoga mpaka ndani." Akakaa kwenye kigoda chake. Bibi Afya akataka kumpa kibao hata hivyo, maana sheria yake ilihusu usalama tu, na usalama ulikuwepo. Buatip akakisukuma. "Kaa nacho, mama. Hii siyo nemu. Nikiuza hii nitakuwa nimewakosea mara ya pili."

Jioni alikuja mezani kwangu kununua wali, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu hospitali. Aliongea akiangalia kikapu.

"Nimeua wafanyakazi wangu, Jansom."

"Wafanyakazi gani? Wewe una mfanyakazi?"

"Wanaochachusha. Humo ndani kuna wadudu wabaya na wadudu wazuri. Wale wazuri ndio wanaoleta ukali. Mimi nimewapeleka wote pamoja kabla hata hawajashika kazi. Na karatasi ilisema, bwana! Imeandikwa mstari wa pili: *ipelekwe ikishaiva*. Nimeisoma leo."

"Kiburi hicho."

"Kiburi," alikubali, na hapo nikajua mambo yamebadilika, maana Buatip hakubali kitu. Kisha macho yake yakawaka. "Lakini sikiliza. Ikishaiva, ikapita pale, wale wafanyakazi wanakufa kazi ikiwa imekwisha. Haiendelei kuchacha. Ile Ijumaa yangu baada ya chakula cha mchana inasimama palepale! Ukiiweka baridini utaifungua baada ya wiki tatu na itakuwa bado ni Ijumaa. Unajua nimeomba hicho kitu tangu nikiwa msichana?"

Nilimpimia wali. Nilitaka kusema neno zuri, nikasema, "Utaifikishaje ikiwa imeiva sawasawa? Basi linakwenda siku nzima, na huku kwetu ni baridi na kule ni joto."

"Nitakwenda nayo mwenyewe. Kidole changu kitakwenda nayo."

Nyumbani nilimsimulia Inson, nikitarajia tucheke wote. Hakucheka. "Nenda naye," alisema.

"Mimi? Nikafanye nini?"

"Wewe ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia dada yangu hapana. Na ukaone kwa macho yako. Mimi ukiniambia umeona, nitakuamini. Wengine wote wanakisia tu."

Ndivyo nilivyojikuta kwenye basi la alfajiri na masanduku sita ya nemu, wifi yangu akishuka kila kituo kwenda kufungua buti na kubonyeza. Dereva alimwambia kama anataka kulala na mizigo aseme tu. Tulifika jioni, tukalala kwa binamu yangu, na asubuhi tukawa mlangoni mwa kituo. Zamu yetu ilikuwa saa nne. Mhandisi aliyetupokea aliitwa Wirot, kijana mwembamba, mwenye adabu, shati limepigwa pasi.

Saa nne kasoro robo Buatip alibonyeza, akatikisa kichwa. "Bado."

"Bado nini, mama?"

"Haijaiva. Baridi ya Lampang imeichelewesha. Mpaka saa tisa hivi."

"Mama, hapa kuna ratiba. Baada yenu ni glavu za hospitali, halafu pilipili ya unga, halafu..."

"Glavu zinachacha?"

"Hapana."

"Basi zitangulie. Zenyewe hazina haraka."

Wirot alinitazama mimi, kama watu wote wanavyofanya wakishindwa naye. Nikamwambia, "Mwanangu, usinitazame mimi. Nimemnunia mwaka na zaidi na hakubadilika hata kidogo."

Akaenda akarudi na karatasi nyembamba za kupimia ukali. Akafungua kifurushi kimoja, akagusisha, akalinganisha rangi na chati yake. Akakuna shingo. "Kweli, haijafika. Karatasi inakubaliana na kidole chako, mama."

"Inakubaliana na kidole? Vizuri. Kidole kilitangulia."

Glavu zikatangulia. Masanduku tukayapanga juani kwenye sakafu ya saruji, tukawa tunayageuza kama watu wanaoanika mpunga, na Wirot akaja kukaa nasi wakati wa chakula. Nikamwuliza lile lililonileta. Nilimwuliza bila kuzunguka, maana mume wangu alikuwa akingoja jibu.

"Hiyo mionzi inabaki ndani? Mtu akila, inamwingia?"

"Shangazi, ukizima taa chumbani, mwanga unabaki kwenye shuka?"

"Haubaki."

"Hii nayo inapita tu. Kobalti yenyewe imefungwa ndani ya vyuma na haigusi chakula. Tusipofanya kazi inashushwa chini ya maji, kwenye bwawa refu kuliko nyumba yako, ndani ya kuta nene. Kwa mtu ni hatari kweli, ndiyo maana hakuna anayeingia mle. Kwa nemu, inaua minyoo na kupunguza vidudu mpaka visiweze kudhuru, basi. Ila nikwambie ukweli, haiwezi kufanya nyama mbovu kuwa nzuri. Mtakacholeta ndicho mtakachorudi nacho."

"Nyama hii ina muhuri," alisema Buatip haraka. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Saa tisa na dakika chache alibonyeza, akasimama. "Sasa." Wirot akapima, akaitika kwa kichwa. Masanduku yakawekwa kwenye mkanda, yakazama nyuma ya ukuta mmoja mmoja. Yalipotoka upande wa pili duara zote zilikuwa nyekundu. Nililigusa la kwanza kwa ncha ya kidole nikitarajia moto. Lilikuwa na joto la jua tuliloanikia, zaidi ya hapo hakuna.

Maabara ya mkoa ilikaa nayo wiki nzima ikasema safi. Bibi Afya akaja na kibao chake tena, akakitundika mwenyewe juu ya meza ya Buatip: YALIWA MBICHI. Ilikuwa siku ya soko kubwa, watu wamejaa. Buatip akafungua kifurushi, akakikata vipande juu ya jani, akaweka tangawizi, karanga, pilipili. Harufu ile ya ukali ikatembea mpaka kwangu, na mate yakanijaa kabla sijayapa ruhusa.

Hakuna aliyesogea.

Walisimama wameizunguka meza, wanasoma kibao, wanatazama duara nyekundu, wanatazamana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sembuse mji mzima. Mwishowe bibi mmoja mwuza tumbaku, aliyekuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja, akageuka upande wangu.

"Jansom. Mumeo ndiye aliyeumia kuliko sisi. Wewe ulikwenda naye kule. Utakula?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeona yote kwa macho yangu, na bado sikunyanyuka. Nilimkumbuka Inson kitandani, macho yamefumbana kwa uvimbe, akiuliza kama ni mchana. Nitasema kweli: niliogopa, na aibu ya kuogopa ikanizidi.

Buatip akanyanyua mkono. "Msimwulize wifi yangu," alisema, na sauti yake ile ya soko zima ikawa ndogo. "Hadaiwi kitu na mtu hapa. Nyama ya ile sherehe niliinunua haina muhuri. Sikudanganywa. Niliona muhuri haupo, nikainunua, kwa sababu sikutaka ijulikane kwamba nemu ya Buatip imepungua. Niliwaumiza kwa ajili ya jina langu. Nilimwumiza mtoto niliyemlea. Hii hapa ni safi, kama hamtaki kuila ni haki yenu."

Zaidi ya miezi kumi na minne nilikuwa nikiingoja sentensi ile, nimejiandalia na majibu yake makali. Ilipokuja, niliyaacha majibu yale mezani kwangu. Nilinyanyuka, nikampita mwuza mboga, nikachukua kipande, nikakitia tangawizi na pilipili, nikala. Ukali ulinifumba jicho. Nilitafuna polepole ili wote waone, kisha nikachukua cha pili, na cha pili hakikuwa cha kuonyesha mtu.

"Chumvi imezidi," nikasema.

"Haijazidi!"

"Imezidi kidogo, wifi."

"Wewe ulimi wako umeharibiwa na wali!"

Watu wakacheka, na yule bibi wa tumbaku akanyoosha mkono, kisha mwingine, kisha wakaanza kusukumana. Saa tatu na nusu meza ilikuwa tupu.

Kifurushi kimoja nilikuwa nimekificha chini ya kikapu changu cha wali. Nilikipeleka nyumbani mchana. Inson alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu, pale anapopumzikia. Nilikaa ngazi ya chini yake, nikafungua jani, nikamega kipande, na nikamlisha kwa mkono wangu mwenyewe.